Kinyozi Aliyeitoa Theluji ya Mechi ya Mchujo

Wasikilizaji wapendwa, leo sina wimbo wa kufungulia kipindi. Fundi mitambo alikuwa ameniandalia mmoja, nikamwambia auweke kando. Hapa ni Redio Takanosawa, mimi ni Nobue, na huyu ninayemkumbuka leo alikuwa hapendi muziki asubuhi. Alisema unamharibia mkono akinyoa.

Sugawara Tokuzo amefariki dunia. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Sugawara Tokuzo, kinyozi wa mtaa wa Kajimachi, kiongozi wa kikosi cha mabeleshi cha klabu yetu ya Kamoshika, amefariki dunia Jumanne hospitalini. Amemwacha mkewe, mama Fumie, na mtoto wao mmoja, Ryohei. Ndiyo, Ryohei yule yule. Kipa wetu.

Sasa najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Mkono uko kwenye kitufe mnataka kuzima. Msizime! Kuna nyumba mjini hapa jina la mzee Tokuzo halitajwi mezani. Kuna watu mpaka leo wakilisikia wanasema, "Ndiye aliyetushusha daraja." Haya, semeni. Lakini nisikilizeni kwanza nimalize, maana mimi nilikuwepo siku ile tangu asubuhi, na wengi wenu mnaosema mlikuwa bado mmejifunika mablanketi.

Mzee Tokuzo alizaliwa Kajimachi, akakulia Kajimachi, akarithi mkasi wa baba yake hapo hapo Kajimachi. Kichwa chake mwenyewe hakikuwa na unywele hata mmoja. Mteja akimtania, alikuwa na jibu lake moja: "Nilizimaliza nikijifunzia kazi." Alikuwa mkali. Ukitikisa kichwa kwenye kiti chake, alikushika sikio. Mimi alinishika sikio nikiwa mtoto, na alinishika tena nikiwa na watoto wangu wawili.

Klabu ilipoanza, ilikuwa ya wabeba barua na walimu wa sekondari. Ikapanda. Ikapanda tena. Mwaka tulioingia J3 mnaukumbuka. Najua J3 ni ngazi ya chini kabisa ya soka la kulipwa. Lakini ni ya kulipwa! Mji wenye theluji nyingi kuliko watu ulikuwa na jina lake kwenye msimamo wa ligi. Wachezaji walifanya mazoezi asubuhi, mchana wakaenda kazini. Beki wetu wa kushoto ndiye aliyekuwa anakufungia samaki pale dukani. Kiungo wetu alitandika vitanda kwenye nyumba ya wageni ya maji moto. Na golini alisimama Sugawara Ryohei, mtoto wa kinyozi, aliyezaliwa juu ya duka la kunyolea.

Uwanja wetu hauna mabomba ya maji moto chini ya nyasi kama ya wakubwa. Una mabeleshi. Kila theluji ikianguka kabla ya mechi, mashabiki wanakuja kuitoa, na mkuu wao alikuwa mzee Tokuzo. Yeye ndiye aliyekaa na ufunguo wa banda la mabeleshi. Yeye ndiye aliyeamua theluji itupwe wapi. Kama huna nidhamu ya beleshi, alikufukuza mbele ya mkeo.

Basi tufike kwenye mwaka ule. Tulimaliza msimu mkiani. Tulishika mkia, wasikilizaji wapendwa, tusizungushe maneno. Ikabidi tucheze mchujo na Minatsuru, timu ya ligi ya chini yetu, kutoka kusini kabisa, Kyushu, ambako theluji wanaiona kwenye televisheni. Mechi ya kwanza kwao tulitoka sare. Ya pili ilikuwa hapa kwetu, Jumapili, Desemba. Atakayeshinda anakaa J3. Atakayeshindwa anabaki nje, na klabu yetu ilikuwa imeshasema wazi: tukishuka, mikataba yote inavunjwa.

Na wiki hiyo homa ikaingia timu. Homa ya mafua. Mnajua mila yetu: wiki ya mechi kubwa timu nzima inaoga pamoja kwenye bwawa la maji moto la mdhamini, kutafuta baraka. Wakagawana maji, wakagawana na homa. Wachezaji wanne wakaanguka. Na wa kwanza kuanguka alikuwa Ryohei.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Ryohei alikuwa hajakosa mechi hata moja msimu ule. Klabu ilikuwa imeshamwambia kwamba umri umefika, mkataba hauongezwi. Kwa hiyo mechi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya maisha yake ya mpira. Acheze, au asicheze tena kabisa. Na alikuwa amelala kwa wazazi wake, ghorofani, juu ya duka, jasho linamtoka, mama yake anambadilishia kitambaa cha maji.

Alfajiri ya Jumapili ikaanguka theluji. Lo! Ilianguka kama imetumwa. Ilifika magotini. Na kanuni ilikuwa hivi: kamisaa wa mechi angekuja kukagua uwanja kabla ya mchana. Akiona hauchezeki, mechi inasogezwa hadi Jumatano. Jumatano homa ingekuwa imeshuka. Jumatano Ryohei angekuwa golini. Kila mtu mjini alipiga hesabu hiyo hiyo asubuhi ile akiangalia dirishani. Hata mimi niliipiga, nikafurahi.

Simu ikalia kwa mzee Tokuzo. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa klabu wa wakati ule, bwana Hoshikawa. Mama Fumie alikuwa pembeni anamimina chai, na ndiye aliyenisimulia.

"Mzee wangu, leo usijichoshe," mwenyekiti akasema. "Mgongo wako tunauhitaji. Mfanye polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Polepole tu. Mpaka kamisaa afike."

 Mzee Tokuzo alikata simu, akakaa. Chai ikapoa mbele yake. Mama Fumie anasema alimuuliza, "Unakwenda?" Akajibu, "Naenda kuangalia tu." Alichukua kofia yake na glovu. Beleshi lake lilikuwa limesimama mlangoni, akalipita. Mama Fumie akamwambia, "Basi panda juu umwone Ryohei kabla hujatoka." Akasema, "Amelala. Tusimwamshe." Akatoka.

Mmesikia? Aliliacha beleshi nyumbani. Nyinyi mnaosema alikusudia kutuzamisha, nielezeni hilo.

Alipofika uwanjani akakuta watu. Hawakuwa wetu. Walikuwa mashabiki wa Minatsuru. Basi lao lilikuwa limesafiri kutoka Kyushu, likafika mapema, wakakuta geti liko wazi na uwanja hauonekani. Wakaingia kutoa theluji. Jamani! Watu wa kusini, wamevaa raba za turubai, hawana glovu, wanachota theluji kwa vifuniko vya vyakula vyao vya safarini. Wengine walikuwa wanaisukuma kwa maboksi. Walikuwa wamesafisha sehemu isiyotosha kutandika mkeka.

Mzee Tokuzo akawaka.

"Nani kawaambia mguse theluji yetu?"

Mama mmoja wa makamo akaja mbio, akainama mpaka nywele zikagusa theluji. "Tunaomba radhi, mzee. Tuliona hakuna mtu. Tukadhani mmezidiwa."

"Tumezidiwa?"

"Tukasema tuwasaidie wenyeji. Samahani mzee, hivi hii kitu inachotwaje?"

Mzee Tokuzo aliniambia baadaye kwamba kilichomkata si theluji, ni lile neno kuzidiwa. Watu wa Takanosawa kuzidiwa na theluji! Aliangalia vidole vya yule mama vilivyokuwa vyekundu. Akatukana. Sitarudia alichosema, hii ni redio. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akafungua banda la mabeleshi.

Studio yetu iko ng'ambo ya maegesho ya uwanja, mnaijua. Nilikuwa hewani nasoma hali ya hewa. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia na mabuti yake, theluji ikimwagika kwenye zulia.

"Nobue, nisogezee hicho kipaza sauti."

"Mzee, niko hewani!"

"Ndiyo maana nimekuja."

Na akasema. Mliokuwa mnasikiliza mnayakumbuka. "Mimi Tokuzo, kinyozi. Uwanja umejaa theluji, na wageni wanaitoa kwa vifuniko vya vyakula. Aibu gani hii! Mwenye beleshi aje. Asiye na beleshi aje na ndoo. Asiye na ndoo aje hivyo hivyo, nitampa kazi."

Nikaweka tangazo la duka la matairi haraka haraka. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mzee, na Ryohei je?"

Alinitazama. Sijawahi kuona macho yale kwake, yalikuwa ya mtu anayeomba asiulizwe. Akasema, "Nipishe, mwanangu." Akatoka.

Watu walikuja, lakini walikuja kwa mafungu mawili. Kuna waliokuja na mabeleshi, na kuna waliokuja kuwazuia wenye mabeleshi. Gen, mpiga ngoma wetu mkuu wa jukwaani, ambaye najua ananisikiliza sasa hivi, alikwenda akaketi katikati ya eneo la hatari, mikono kifuani.

"Mzee, hii theluji ndiyo mchezaji wetu wa kumi na mbili!"

"Mvalishe jezi basi," mzee Tokuzo akamjibu, akaendelea kuchota.

"Sihami."

"Usihame."

Wakachota kumzunguka. Theluji ikapungua pande zote, Gen akabaki juu ya kilima chake peke yake. Watu wa Minatsuru wakawa wanampigia makofi, wakidhani ni desturi yetu. Hapo Gen akapandwa na hasira kweli. Akasimama, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia, "Unamnyang'anya mwanao mechi yake ya mwisho! Baba gani wewe?"

 Mabeleshi yote yakasimama. Nilikuwa nimekuja na redio ya mkononi kutangaza maendeleo, nikasahau kutangaza. Mzee Tokuzo alikuwa ameinama. Alibaki ameinama hivyo hivyo.  Kisha akalisukuma beleshi, akachota, akatupa. Akachota tena. 

Kamisaa alifika. Mtu mrefu, mwenye mwavuli, hasemi na mtu. Akatembea uwanja mzima, tukamfuata kwa macho. Akachimba kwa kisigino. Akaenda kwenye pembe yenye kivuli cha jukwaa, ambako nyasi zilikuwa bado zimeshikwa na barafu. Akasimama pale. Wetu nusu walikuwa wanaomba aseme hapana. Nusu walikuwa hawajui wanaomba nini. Akaomba mpira. Ukaletwa ule wa rangi ya chungwa. Akauachia kutoka kifuani. Ukadunda.

"Mechi ipo," akasema.

Watu wa Minatsuru wakashangilia, wakamkumbatia mzee Tokuzo. Alisimama kama mti, hakumkumbatia mtu.

Mechi yenyewe niliitangaza mimi. Sitaki kuwapitisha tena humo, mna makovu yenu. Golini alisimama Wataru, kipa wetu wa akiba, hajawahi kucheza mechi ya ligi. Walitufunga mapema. Tukasawazisha kwa kichwa, yule beki muuza samaki, mji ukataka kuanguka. Bao moja kwa moja. Dakika zikaenda. Kila mpira ukipanda hewani, moyo wangu ulikuwa mdomoni na mdomo uko kwenye kipaza sauti. Ikaja kona. Dakika za mwisho kabisa. Wataru akatoka golini, akaufikia, ukamponyoka kwenye glovu. Ukaingia wavuni taratibu. Mbili moja.

Ulikuwa mpira ambao Ryohei angeudaka amefumba macho. Nalisema hilo kwa sababu kila mtu uwanjani alilisema. Kipenga kikalia. Tukashuka daraja.

Wachezaji wa Minatsuru walikuja mbele ya jukwaa letu, wakainama kutushukuru. Kuna wetu waliwarushia theluji. Mzee Tokuzo alikuwa nyuma ya goli, ameshika beleshi, na baadhi ya theluji ile ilirushwa kwake. Ilimpiga mgongoni. Hakugeuka.

Na Ryohei? Ryohei alikuwa kitandani, redio iko kando ya kichwa chake. Alikuwa ameiwasha asubuhi kusikiliza hali ya hewa. Alisikia sauti ya baba yake ikiita mji mzima uje kuitoa theluji. Alinisikia mimi nikitangaza bao lile.

Jioni alishuka ngazi akiwa na begi, homa bado inamtikisa. Mama Fumie anasema mzee alikuwa dukani anafagia sakafu, na siku hiyo hakuwa amenyoa mtu. Ryohei akasimama mlangoni. Akasema, "Baba, nilikusikia redioni." Basi. Akaenda Niigata, akapata kazi ya ghala. Miaka sita hakukanyaga Kajimachi.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua tulivyomfanyia mzee yule. Kiti chake cha kunyolea kilikaa kitupu wiki nzima nzima. Watu wakapanda basi kwenda kunyolewa mji wa jirani. Na kila theluji ikianguka usiku, asubuhi mlango wake ulikuwa umezibwa na theluji ya majirani. Tunaoishi hapa tunajua maana yake. Kumsukumia mtu theluji yako mlangoni ni kumtemea mate. Mzee Tokuzo aliitoa kila asubuhi, na kwa sababu alikuwa mzee Tokuzo, aliitoa huku akiwatukana mmoja mmoja kwa jina la baba yake.

Nilimuuliza mara moja, kwenye kiti chake, "Mzee, hujutii?" Akanishika sikio. "Tulia nikunyoe shingo."

Majira haya ya baridi mapafu yakakataa. Mama Fumie akampigia Ryohei simu, na Ryohei akaja. Alikaa naye hospitalini mpaka mwisho. Jana alikuja hapa studio, amenyoa kichwa chote, ni sura ya baba yake tupu. Akanipa ruhusa kuwasimulia.

Naomba kwanza nitoe rambirambi. Mama Fumie, pole sana, pole mama yetu. Umebeba mengi ya watu wengine. Ryohei, pole ndugu yangu, ulikuwa kipa bora aliyewahi kuvaa jezi yetu, na hatukukuaga. Mazishi ni kesho adhuhuri, kwenye hekalu la Kajimachi. Mashabiki wa Minatsuru wametuma shada la maua. Nawaomba nyote mliowahi kusema neno juu ya mzee huyu, mimi nikiwemo, mkae leo na mtafakari neno lenu. Sisemi alikuwa sahihi. Sisemi alikosea. Nasema hatukumjua, basi.

Sasa hili alilonisimulia Ryohei. Alikuwa amekaa pale, kwenye kiti cha wageni, kofia iko magotini.

"Nilimuuliza siku mbili kabla hajafa," akaniambia. "Nikamwambia, 'Baba, siku ile nilikuwa juu tu hapo. Kwa nini hukupanda kuniuliza?'  Akasema, 'Ningekuuliza, ungesemaje?' Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, 'Ningesema uiache theluji.'"

Ryohei akaigeuza kofia magotini. 

"Akasema, 'Basi ningeiacha.'"